Kubeba Kiti Nyuma ya Ngoma

Kanisa la mama yangu husali likikimbia. Kila Jumapili, kabla ya saa nne asubuhi, hutoka kwenye banda lao la mabati karibu na mto: watu wa kanzu nyeupe, miguu mitupu, bendera mbele na ngoma katikati. Hukimbia kwa wimbo hadi kona ya kwanza. Hapo husimama na kuomba, mtu mmoja hushuhudia kidogo, kisha ngoma huanza tena nao hukimbia hadi kona inayofuata. Huuzunguka mtaa wetu wa Huruma hivyo hadi jua liwe kali. Wauza chipsi huvuta meza zao ndani kidogo. Watoto huwafuata wakirukaruka. Hakuna anayeshangaa isipokuwa mgeni.

Mama alikuwa mpiga ngoma wao. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikijificha nyuma ya pipa la maji akipita, nisije nikaonwa na wanafunzi wenzangu. Baadaye niliacha shule, nikaacha na kanisa, nikaacha na Huruma yenyewe. Lakini popote nilipokwenda, nikisikia ngoma ikipigwa mbiombio, moyo wangu ulijua ni Jumapili.

Kwa Jumapili nyingi zilizopita, mama alikuwa akiwatazama wenzake kutoka korido ya ghorofa ya tatu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha kijani, viganja vyake vikigonga chuma cha kizuizi polepole, kwa mdundo uleule uliokuwa ukipita chini. Kiti hicho nilikinunua mimi. Na ni mimi niliyemkalisha.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nimechuma majani chai Kericho, nimebadilisha pesa mpakani Malaba, nimewapikia wajenzi Njiru wakati maghorofa ya kule yalipokuwa yakiota kama uyoga, nimeshika vyuma vikichomelewa kwa mafundi wa Kariobangi. Kazi ikishaacha kunifundisha kitu, miguu huanza kuniwasha. Nimeishi hivyo hadi nywele zimeanza kuwa nyeupe, na wakati huo wote kaka yangu mkubwa, karani wa ofisi moja mjini, ndiye aliyemlipia mama nyumba na dawa. Mimi nilituma salamu.

Kisha kaka akanipigia simu. "Mama hawezi kushuka ngazi. Mimi niko kazini tangu asubuhi hadi jioni. Wewe uko wapi siku hizi?"

Niliposikia hilo la siku hizi, nilifunga mkoba.

Nilimkuta magoti yamevimba kama viazi vitamu. Tulikwenda kliniki, na daktari akasema ni athritisi, kwamba mwisho wa mifupa ya goti umechakaa, na tena presha iko juu, uzito uko juu, na kwa kuwa baba yake alikufa kwa moyo ni lazima tuwe waangalifu. Alisema mengi. Alisema apate dawa, apunguze chumvi na apimwe moyo. Akasema pia aangalie asijiumize. Katika yote hayo mimi nilibeba hilo la mwisho, nikalifikisha nyumbani likiwa limekuwa kubwa. Asijiumize ikawa asitembee.

Sasa naona kilichonisukuma. Mtoto aliyechelewa kurudi hulea kwa fujo. Nilitaka kulipa miaka yote kwa mwezi mmoja. Nilibeba maji mimi, nikaenda sokoni mimi, nikamzuia ngazi, nikamzuia hata kuinama kuchukua sufuria. Jirani akimsalimia mlangoni, nilimletea mama kiti kabla salamu hazijaisha. Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, walinisifu. "Mama, umebarikiwa binti," walimwambia. Nilizipokea sifa hizo, na zikaniingia.

Asubuhi moja alipokuwa bafuni niliitungua ngoma kwenye msumari wake ukutani, nikaishusha ngazi, nikaipeleka hadi kwenye lile banda la mabati. Mchungaji hakuwapo. Palikuwa na mzee mmoja akifagia. Nikamkabidhi, nikasema, "Hii ni ya mama. Hatapiga tena." Mzee aliitazama ngoma, akanitazama mimi, akaipokea kwa mikono miwili bila neno. Nilidhani ni mtu wa maneno machache.

Niliporudi mama alikuwa amesimama mbele ya msumari mtupu, kanga mabegani.

"Ngoma iko wapi?"

"Nimeirudisha, mama. Upumzike sasa."

Aliugusa msumari. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Sawa," akasema, akaenda kukaa kwenye kiti.

Nilitegemea angepona. Alizidi kuwa mzito. Mapaja yaliyokuwa magumu kama ya mkimbiaji yakalegea, na magoti, badala ya kushukuru kwa kupumzishwa, yakaanza kulalamika hata akigeuka kitandani. Daktari akaongeza dawa ya presha. Kilichonisumbua zaidi ni ukimya wake. Mama yangu alikuwa mtu wa kusengenya kwa ufundi, na sasa siku nzima ingepita asimseme mtu. Jumapili tu ndiyo alifungua kinywa, kanisa likipita chini.

"Huyo waliyempa ngoma anaharakisha," alisema. "Akikaribia kona anaharakisha. Atawakata watu pumzi."

Halafu, kama anayejisemea, "Hakuna hata mmoja anayetazama juu."

Ilikuwa kweli. Walipita wote, watu aliokimbia nao tangu mimi sijazaliwa, na hakuna aliyeinua macho. Hakuna aliyekuja kumwona. Niliwachukia. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo dini yao, mtu akiugua wanamruka.

Kliniki ndiyo iliyompeleka kwa dada wa mazoezi, msichana mwembamba mwenye lafudhi ya Ukambani na mikono yenye nguvu kuliko umbo lake. Alimlaza mama, akakunja goti, akalinyoosha, akaweka kiganja juu yake kama anayesikiliza. Kisha akauliza anafanya nini kutwa nzima.

"Anapumzika," nilijibu mimi, kwa fahari.

"Basi hapo ndipo tatizo lilipo."

Nina tabia ya kuuliza. Nilimuuliza yule dada maswali hadi mgonjwa aliyefuata akaanza kukohoa mlangoni. Nilitaka kujua goti linakula nini. Akaniambia kwamba ile sehemu laini kati ya mifupa haina damu yake, ni kama sponji ya kuoshea vyombo: ukiikamua na kuiachilia inanyonya maji, ukiiacha kwenye karai kavu inakauka. Goti hulishwa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, na msuli wa paja ndio unaolibebea mzigo. Msuli ukilegea, mfupa unabeba peke yake.

"Na moyo?" nikauliza. "Tunauogopea moyo."

"Moyo nao ni msuli. Nataka afanye kazi kali kidogo, apumzike, kali tena, apumzike. Kwa baiskeli isiyokwenda popote, ili goti lisigonge chini."

"Kazi kali? Mtu wa presha?"

"Ameshapimwa moyo na daktari ameniruhusu. Presha imetulia kwa dawa. Bila hayo nisingemgusa. Na tutaanza polepole, wiki za kwanza ni kiti tu na miguu." Alimgeukia mama. "Nikikuambia kazi kali, mama, maana yake ni hii: uweze kusema maneno mawili matatu, lakini usiweze kupiga umbea. Ukipumzika, ngoja hadi umbea urudi. Umbea ukirudi, ndipo unaanza tena. Na kifua kikibana, au kichwa kikizunguka, unaacha palepale na kuja hospitali."

Mama alinitazama. "Basi huyu binti yangu hajafanya kazi kali tangu azaliwe. Umbea wake haujawahi kukatika."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu nirudi nyumbani. Yule dada alicheka, kisha akauliza kama zamani mama alikuwa akifanya mazoezi yoyote.

"Mazoezi? Hapana. Mimi nilikuwa nikisali tu."

"Kusali vipi?"

Mama akaeleza. Ngoma, mbio hadi kona, kusimama, maombi, mbio tena, tangu asubuhi hadi mchana. Alipokuwa akieleza mikono yake ilipiga kitanda cha kliniki. Yule dada aliacha kuandika.

"Kila wiki?"

"Kila wiki. Miaka yangu yote."

"Lami ilikuwa inaligonga goti, na miguu mitupu si vizuri, sitakudanganya," alisema taratibu. "Ungehitaji kupunguza. Lakini mama, wewe ulikuwa tayari na kile ninachotaka kukupa. Nani alikuachisha?"

Nilitazama sakafu. Nilikuwa nimeketi hapohapo, mkoba wake wa dawa mapajani pangu.

"Magoti," mama akasema. "Magoti tu."

Hakunitazama aliposema hivyo, na njia nzima ya kurudi hakuligusa jambo hilo. Angenikemea ningejua pa kujitetea.

Nilikwenda Kariobangi kwa fundi niliyewahi kumshikia vyuma. Nilimkuta na baiskeli kuukuu nyeusi iliyokuwa imekosa mwenyewe. Akaichomelea miguu minne ya chuma, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, na juu yake akabana kipande cha tairi kwa skrubu. Ukikaza skrubu, kanyagio linakuwa zito; ukilegeza, linakuwa jepesi. Alikipandisha kiti juu kama yule dada alivyoagiza, goti lisikunjwe sana. Tuliiweka koridoni, pale kiti cha kijani kilipokuwa, na majirani wakawa wanapita kwa ubavu.

Saa haikutufaa. Mama alisema hawezi kuendesha huku akitazama mshale kama mtu anayesubiri basi. Alitaka wimbo. Ubeti angezungusha polepole, kiitikio kikifika angekaza kwa nguvu zote, kisha ubeti tena. Lakini mtu anayekaza hawezi kuimba, na hapo ndipo nilipokamatwa.

"Imba wewe," alisema.

"Mama, mimi nilisahau hizo nyimbo."

"Hukusahau. Ulikuwa unaziimba nyuma ya pipa."

Kumbe alikuwa akiniona, miaka yote ile.

Basi kila asubuhi niliimba koridoni, mtu mzima mimi, sauti ikiwa kama bawaba isiyopakwa mafuta. Watoto wa ghorofa waliitikia. Vijana waliokuwa wakishuka kwenda kutafuta riziki walisimama kwenye ngazi, mmoja akamwita bibi kwa Sheng yao.

"Niaje, shosh! Ukifika Kakamega utusalimie watu!"

Mama hakujibu. Alikuwa kwenye kiitikio. Alikaza, shingo imetoka mishipa, kanga imefungwa kiunoni, hadi ubeti ukarudi na pumzi ikarudi. Yule kijana aliyemtania alikuwa ameshafika ghorofa ya kwanza mama alipomjibu kwa sauti ya kumfikia:

"Nimefika Nakuru tu na nimeshachoka nanyi! Nywele hizo hazina kitana?"

Ghorofa nzima ilicheka. Kidogo kidogo nilianza kumwona mama yangu akirudi. Siku moja aliinuka kitini bila kushika ukuta. Siku nyingine nilirudi kutoka dukani nikamkuta amefika ghorofa ya pili peke yake, ameketi kwenye ngazi na jirani, wanamsema mwenye nyumba. Kila hatua yake mpya ilinifurahisha, na kila furaha ilikuwa na mwiba ndani yake, maana ilinionyesha nilichokuwa nimemnyang'anya.

Labda ndiyo sababu nilitaka kaka aone.

Alikuja Jumamosi, na shati lake lililopigwa pasi, akasimama koridoni akiitazama ile baiskeli kama mzigo wa wizi. Kwake Komarock kuna nyumba ya chini isiyo na ngazi, na sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa. Kwa muda mrefu alitaka mama ahamie huko.

"Hiki ni nini?"

"Tazama kwanza," nikamwambia.

Mama alipanda. Nikaanza kuimba, na watoto wakajikusanya. Alikaza kiitikio, akapumzika ubeti, akakaza. Uso wa kaka ulianza kulainika, nikauona. Sijui kama nimewahi kumfanya kaka yangu apendezwe na kitu nilichokifanya. Tulipomaliza sehemu yetu ya kila siku, mama alishusha mabega, na mimi nikasema, "Mama, kimoja tena." Akanitazama. Nikaanza kiitikio moja kwa moja, bila ubeti, na kilipoisha nikakirudia palepale, na watoto wakapiga makofi.

Angeweza kuacha. Najua sasa kwa nini hakuacha. Hakutaka niaibike mbele ya kaka.

Niliona mkono wake ukiachia usukani na kwenda kifuani. Uso ukawa na rangi ya majivu. Kaka alimdaka kabla sijamaliza neno nililokuwa nikiliimba.

Vijana wale wale wa kumtania ndio waliomshusha. Walimkalisha kwenye kiti cha kijani, wawili mbele, wawili nyuma, wakashuka naye ghorofa tatu wakiambiana, "Polepole, kona! Shosh, shika shingo yangu, usiogope," hadi kwenye gari la kaka. Mimi nilikuja nyuma nikiwa nimebeba viatu vyake. Garini kaka hakunitazama.

"Wewe umejaribu kila kitu katika maisha yako," alisema, macho barabarani. "Sikukataza. Lakini mama si kazi ya kujaribu."

Nilimkalisha akaharibika. Nilimwinua nikakaribia kumuua. Nilikaa kiti cha nyuma, nimeshika mkono wa mama uliokuwa na jasho baridi, nikasema moyoni kwamba akipona nitaondoka, nirudi Malaba au popote, kwamba watu kama mimi tunapendeza tukiwa mbali.

Hospitalini walimlaza hadi kesho yake, wakampima moyo mara mbili. Haukuwa umedhurika. Presha ilikuwa imepanda kupita kiasi, wakambadilishia dawa, wakasema asiguse baiskeli hadi dada wa mazoezi amwone. Siku ya kumwona dada huyo, kaka naye alikuja kliniki, akasimama mlangoni amekunja mikono.

Yule dada alisoma karatasi za hospitali, kisha akauliza, "Nani aliondoa mapumziko?"

"Wimbo ulikuwa mtamu," mama akasema haraka.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kaka aone."

Kaka alikohoa. Yule dada hakunigombeza. Alisema mapumziko ni nusu ya dawa, na kwamba atakayeyaondoa atakuwa anampa mama kitu kingine, asikiite mazoezi. Akasema mama aanze upya kwa kanyagio jepesi kabisa, kwenye baiskeli ya pale kliniki, mbele ya macho yake.

"Basi ataanzia Komarock," kaka alisema. "Hakuna ngazi. Atapumzika vizuri."

"Komarock hakuna ngazi," mama akamjibu, "na hakuna ngoma. Nimewasikia nyote wawili. Mmoja ananikalisha, mwingine ananikimbiza. Hakuna aliyeniuliza." Akamgeukia yule dada. "Mwanangu, kutoka lango la ploti yetu hadi kona ya kwanza. Nikitembea haraka, nisikimbie. Nikae. Umbea usiporudi, ngoma iendelee bila mimi. Inawezekana?"

Yule dada alifikiri. "Itategemea utakavyokuwa hapa kliniki baada ya wiki kadhaa. Kwa viatu vyenye soli nene. Na mtu akubebee kiti."

Hakusema nani.

Viatu vilikuwa na taabu yake, maana kanisa la mama halivai viatu kwenye ibada, na sikutaka tena kumfanyia mama jambo nusu. Jumatano moja nilikwenda kwenye lile banda la mabati kuomba ruhusa. Mchungaji alikuwapo safari hii, mzee mfupi mwenye mvi, na mama mmoja mnene aliyekuwa akiikaza ngoma kamba. Niliijua ngoma kabla sijamjua yeye.

Nilieleza shida yangu. Mchungaji alinisikiliza hadi mwisho, akionekana kushangaa zaidi na zaidi.

"Mama yako anataka kurudi?"

"Hakuwahi kuondoka. Alikuwa anaumwa."

Yule mama mnene aliacha kamba. "Anaumwa? Wewe si ndiye uliyeleta ngoma?"

"Ndiyo."

"Kwetu mpiga ngoma akiugua, ngoma hukaa nyumbani kwake hadi atuambie tuje kuichukua, na tunakuja wote, tunaimba, tunamwombea. Anayeirudisha kwa mkono wa mtu mwingine ametoka. Amekataa. Tukamwuliza mzee aliyekuwa akifagia, mama alisema nini? Akasema, binti amesema hatapiga tena." Sauti yake ilikuwa na uchungu uliolala muda mrefu. "Tulidhani tumemkosea. Tunapita chini ya nyumba yake kila Jumapili, tunaona aibu hata kuinua macho."

Nilikuwa nimekulia katika kanisa hilo. Ningekaa nyuma ya pipa kidogo tu, nikasikiliza badala ya kujificha, ningejua. Nilijua namna ya kubadilisha shilingi za nchi mbili kwa kichwa, na sikujua mila ya ngoma ya mama yangu mwenyewe.

Mchungaji aliniona nilivyokuwa. Akasema, "Mwambie avae viatu. Musa alivua vyake, lakini Musa alikuwa na magoti mazuri."

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu, nimesimama, kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alikuwa akichambua mboga. Hakuacha.

"Ndiyo maana hawakutazama juu," alisema baadaye.

"Mama, nisamehe."

"Niliwasengenya wale watu moyoni mwangu mpaka nikaishiwa." Alitupa shina kwenye karai. "Nilikuuliza uliwaambia. Ukasema umewaambia."

"Nilidhani nimewaambia."

"Mm." Akachambua jani lingine. "Ulipania kuondoka, nimeona mkoba wako uko tayari chini ya kitanda."

Niliokota shina lililoanguka nje ya karai.

"Utaondoka ukitaka, wewe ni wa kuondoka. Lakini kiti nani atabeba?"

Ilipofika Jumapili aliyoruhusiwa, tulishuka mapema, ngazi kwa ngazi, tukapumzika kila ghorofa. Alivaa kanzu yake nyeupe, nayo ilikuwa imembana kidogo kiunoni, na raba nyeupe alizonunua kaka. Kaka mwenyewe alikuwapo, amesimama ng'ambo ya barabara na funguo za gari mkononi, tayari kwa lolote. Mimi nilikuwa na kiti cha kijani kichwani.

Tuliisikia ngoma kabla hatujawaona. Walipofika langoni bendera ilisimama, na safari hii wote walikuwa wakitazama. Yule mama mnene alitoka katikati, akaivua ngoma begani, akamnyooshea mama.

Nilitaka sana aichukue. Ningeona imerudi kwake, pengine ningelala.

"Uliyepewa ni wewe," mama akasema. "Piga. Ila ukikaribia kona, usiharakishe."

Ngoma ikaanza. Mama akatembea, kwanza kama anayejaribu sakafu yenye maji, kisha haraka, kisha haraka kweli, mikono ikipiga hewa, na kanisa lote likakimbia sambamba naye kwa hatua fupi ili lisimwache. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, miguu ya kiti ikipiga mabega yangu. Vijana kwenye kibanda cha chipsi walipiga miluzi. "Shosh yuko mbele! Na huyo wa kiti naye ameokoka?" Nilitazama mgongo wa mama tu. Nilihesabu pumzi zake kwa mabega yake, na kila yalipopanda juu niliona tena ule mkono ukienda kifuani.

Tulifika kona. Niliweka kiti, akaketi. Hakuweza kusema. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, kifua kikipanda na kushuka, na mimi nilichuchumaa mbele yake nikimtazama rangi ya midomo. Kaka alikuwa ameshavuka barabara. Mchungaji alianza kuomba, akaomba, na nilipofungua jicho nikaona naye amefungua lake, anamtazama mama, anavuta maombi kama mtu anayesubiri maji yachemke. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akaiombea serikali ya kaunti na mabomba ya maji taka.

Mama aliinamisha kichwa karibu na sikio langu.

"Umesikia?" akanong'ona, na pumzi yake haikukatika. "Ameharakisha. Nimemwambia, na bado ameharakisha. Halafu hicho kitambaa alichofunga, si ndicho cha yule dada yake wa Njiru, waliyegombana naye? Ngoja nikuambie ilivyokuwa..."

Mchungaji akasema amina. Ngoma ikaanza, mama akasimama bila kunishika, na mimi nikainua kiti.